Kabla Hujamtoa Malkia, Mtazame Farasi

Mwaka jana, Jumamosi moja jioni, niliwatoa wenzangu wanne kwenye mashindano kwa hatua moja. Jambo hilo nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Wahariri waliponiomba niandike somo la chesi kwa ajili ya toleo hili, nikaona bora nianzie hapo hapo, huenda kosa langu likamwokoa mtu.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya makundi, sisi na chuo kingine. Timu ina wachezaji watano, mbao tano. Mbao nne zilikuwa zimekwisha: mbili zetu, mbili zao. Ukabaki ubao wangu. Kwa pointi tulizokuwa nazo, sare ilitutosha kuingia fainali. Na mpinzani wangu, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa ameshaniuliza kwa sauti ya chini: "Tugawane?" Nikatikisa kichwa.

Kwa nini nilikataa? Kwanza, watu walikuwa wameuzunguka ubao wetu, simu zimeinuliwa juu. Pili, usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeupitia mchezo mmoja maarufu wa mwaka 1912, ambamo mtu anamtoa malkia wake kafara kisha anamkimbiza mfalme wa mwenzake ubao mzima. Sasa mbele yangu naiona picha ile ile: malkia palepale, askofu palepale, farasi palepale. Nikasema leo ni leo. Nikamnyanyua malkia, nikala askari wa h7, nikasema "cheki" kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua.

Ukumbi ukaguna. Kijana wa miwani akamla malkia. Nikapiga cheki mbili kwa mpigo, farasi na askofu. Akafikiri dakika mbili hivi, akamsogeza mfalme wake pembeni, h8. Nami nikainamia ubao kutafuta hatua inayofuata.

Haikuwepo. Nilitafuta mpaka saa yangu ikaanza kunitisha, nikaishia kumrudisha farasi nyuma. Nimetoa malkia, nimepata askofu na askari. Kwa hesabu tunazofundishana siku ya kwanza, malkia ana thamani ya 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1. Yaani nimetoa 9, nimepokea 4. Hatua 20 baadaye nikampa mkono. Fainali tukaitazama tukiwa tumekaa kwenye viti vya watazamaji.

Nahodha wetu alikuwa dada wa mwaka wa tatu, na yale yalikuwa mashindano yake ya mwisho. Nilitegemea anifokee. Alikaa pembeni yangu kwenye basi, akanyamaza mpaka tumefika mataa, ndipo akaniuliza swali moja: "Mdogo wangu, ukishakula h7, baada ya pale ulikuwa unakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Somo hili ndilo jibu langu kwake, limechelewa mwaka mmoja.

MCHEZO ULIONIPONZA

Kwa ambao ni wageni, kwanza tuelewane lugha. Ubao una safu nane zenye herufi a mpaka h, kutoka kushoto kwenda kulia kwa jicho la anayecheza nyeupe, na mistari 1 mpaka 8 kutoka kwake kwenda kwa mwenzake. Kwa hiyo h7 ni mraba wa safu ya mwisho kulia, mstari wa saba. Safu za e mpaka h tunaziita upande wa mfalme. Mfalme huanzia e1 kwa Mweupe na e8 kwa Mweusi, na mara nyingi hukimbilia kulia kwa hatua ya kaslingi: anaruka miraba miwili kuelekea ngome, na ngome inamvuka na kukaa upande wake wa pili. Hapo anakaa nyuma ya askari watatu wa f, g na h. Hicho ndicho kibanda tunachotaka kukibomoa tunaposema tunashambulia upande wa mfalme.

Mchezo wenyewe ulichezwa London, Oktoba 1912, kwenye klabu, bila kombe wala zawadi. Mweupe alikuwa Edward Lasker, Mjerumani aliyesomea uhandisi. Mweusi alikuwa George Alan Thomas, Mwingereza. Msidhani Thomas alikuwa mtu wa kuokotwa njiani. Baadaye alikuwa bingwa wa chesi wa Uingereza mara mbili, mwaka 1923 na 1934, na wale wa mpira wa vinyoya wanamjua bila kujua: Kombe la Thomas, lile la timu za wanaume duniani, limepewa jina lake. Kwa hiyo aliyefungwa siku ile alikuwa mtu mwenye akili na macho mazuri.

Chukua ubao, au fungua programu ya chesi kwenye simu, upange hatua hizi kumi. Kwanza ya Mweupe, kisha ya Mweusi:

1. Askari d4, askari e6.
2. Farasi f3, askari f5.
3. Farasi c3, farasi f6.
4. Askofu g5, askofu e7.
5. Askofu anakula f6, askofu anamla palepale.
6. Askari e4, askari wa f anakula e4.
7. Farasi anakula e4, askari b6.
8. Farasi wa f3 anakwenda e5, Mweusi anafanya kaslingi upande wa mfalme.
9. Askofu d3, askofu b7.
10. Malkia h5, malkia e7.

Simama hapo. Usikimbilie hatua ya 11, ingawa mkono unawasha. Tazama Thomas alikuwa anawaza nini. Aliona hatari: farasi wa e4 akila f6 kwa cheki, malkia wa Lasker atakula h7 na mchezo umekwisha. Ndiyo maana akamweka malkia wake e7. Sasa farasi akila f6, askari wa g7 anamla, mstari wa saba unafunguka, na malkia wa e7 anailinda h7 kutoka mbali. Ni ulinzi wa mtu anayejua kazi. Tatizo lake ni moja tu: unategemea Lasker aanze na farasi.

Lasker akaanza na malkia. Hatua ya 11: malkia anakula h7, cheki.

Mfalme hana hiari. Hawezi kwenda h8, malkia anapaona. Hawezi kukimbilia f7, farasi wa e5 anapaona. Lazima amle malkia. Hatua ya 12: farasi wa e4 anakula f6, na hapo hapo anaifungua njia ya askofu wa d3. Cheki mbili kwa mpigo. Na cheki ya aina hiyo ina ukatili wake: huwezi kumla mmoja ukabaki salama, wala kuweka kete katikati, kwa sababu wa pili bado anakupiga. Lazima mfalme mwenyewe aondoke. Mfalme ana milango miwili, h8 na h6. Akienda h8, farasi wa e5 anaruka g6 na ni chekimeti. Thomas akaenda h6.

Kuanzia hapo ni safari ya kusikitisha. Farasi wa e5 anarudi g4, cheki, mfalme g5. Askari h4, cheki, mfalme f4. Askari g3, cheki, mfalme f3. Askofu e2, cheki, mfalme g2. Ngome ya h1 inapanda h2, cheki, mfalme g1. Amefika kwenye mstari wa kwanza, sebuleni kwa adui, peke yake. Hatua ya 18: mfalme wa Lasker anasogea d2, anaifungulia njia ngome ya a1, na ngome hiyo iliyolala tangu mwanzo inapiga kutoka pembeni mpaka g1. Chekimeti.

Hesabu mwenyewe: cheki nane mfululizo, na kila mara mfalme wa Thomas akiondoka, kwingine kote kumefungwa. Mara moja tu, kwenye hatua ya 12, alikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa kifo cha papo hapo.

NILICHOKIONA NA NILICHOKOSA KUKIONA

Usiku ule wa kabla ya mechi nilimtazama malkia. Nani asingemtazama? Ndiye anayepigiwa makofi. Lakini baada ya swali la nahodha, nilirudi kwenye vimbweta na ubao wa plastiki, nikaupanga mchezo wa Lasker kulia na mchezo wangu kushoto. Nikaanza kulinganisha kete moja moja.

Malkia h5: sawa kwa sawa. Askofu d3: sawa. Farasi e4: sawa. Askofu mweusi f6, malkia mweusi e7, mfalme g8: sawa. Tofauti ilikuwa moja. Farasi wa pili wa Lasker alikuwa e5. Wa kwangu alikuwa d2. Nilimweka huko mapema, nikamsahau, kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye daladala.

Sasa mtazame farasi wa e5 anafanya kazi ngapi.

Kazi ya kwanza: anaifunga f7, ili mfalme asiweze kukataa kafara na kukimbilia huko. Kwenye mchezo wangu f7 ilikuwa wazi. Kijana wa miwani hakulazimika hata kumla malkia; alimla kwa sababu aliona ni bure.

Kazi ya pili: anaitazama g6, ili mfalme akikimbilia h8 auawe palepale. Kwenye mchezo wangu, h8 ndiko alikokwenda, na hakuna aliyemfuata.

Kazi ya tatu: anaweza kurudi g4 na kutoa cheki inayofuata, ndiyo inayoanza kumvuta mfalme nje ya kibanda.

Kazi tatu, farasi mmoja, mraba mmoja. Hatua iliyoushinda mchezo wa 1912, kwa maoni yangu, ni ile ya 8, farasi kwenda e5, ambayo hakuna mtu angeinua simu kuipiga picha. Malkia wa hatua ya 11 alikwenda kuchukua malipo ya kazi ambayo farasi alishaifanya. Mimi nilikwenda kuchukua malipo bila kufanya kazi.

KUMLISHA MTU

Wachezaji wa drafti watanielewa haraka. Kule vijiweni kuna ujanja wa kumlisha mwenzako: unampa kete moja, analazimika kula kwa sheria ya mchezo, na akishakula unarukia zake tatu. Mlishaji mzuri hatoi kete mpaka ameshaiona ya tatu anayoila. Asiyeiona hiyo ya tatu anabaki kuwa mtu aliyepoteza kete, basi.

Kwenye chesi hakuna sheria ya kulazimika kula. Hapo ndipo wengi wetu tunaotoka kwenye drafti tunapojikwaa. Tunatoa malkia tukidhani mwenzetu atakula kwa sababu tumempa. Kinachomlazimisha mtu kwenye chesi ni cheki, au tishio kubwa kuliko kile ulichompa. Kafara isiyomfunga mwenzako mikono ni zawadi.

Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba kete hii tunayoiabudu haikuwa hivi siku zote. Katika sataranji ya zamani ya Waajemi na Waarabu, aliyesimama pembeni ya mfalme alikuwa waziri, na alikwenda mraba mmoja tu kwa mshazari. Malkia anayefagia ubao mzima alizaliwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 15. Alipopata nguvu hizo ndipo kumtoa kukawa jambo la kushangaza. Waziri wa mraba mmoja ukimtoa, nani atapiga kelele?

MASWALI MANNE

Kutokana na aibu yangu nimejitengenezea maswali manne. Nayaandika kwenye karatasi kabla ya kila mashindano. Hayahitaji kipaji, yanahitaji dakika tatu za kukaa kimya.

Swali la kwanza: tuko wangapi pale? Hesabu kete zako zinazofika kwenye kibanda cha mfalme wa adui, kisha hesabu zake zinazolinda. Lasker alikuwa na wanne: malkia, farasi wawili na askofu. Thomas alikuwa na malkia, askofu wa f6 na ngome ya f8. Ngome yake ya a8 na farasi wake wa b8 walikuwa hawajaondoka nyumbani, na askofu wa b7 alikuwa upande wa pili wa ubao. Mimi nilikuwa na watatu, wa nne yuko d2 anapunga upepo. Ukiona idadi yako haizidi yake, usitoe kitu. Leta mtu mwingine kwanza.

Swali la pili: akikataa kula, itakuwaje? Tafuta kila mraba ambao mfalme anaweza kukimbilia. Kama upo hata mmoja ulio wazi, jiulize utamfanya nini akiwa huko. Hili ndilo swali ambalo lingeniokoa mimi kwa sekunde kumi.

Swali la tatu: akila, hatua yangu inayofuata inamlazimisha? Baada ya kafara, kila hatua yako inapaswa kuwa cheki au tishio ambalo hawezi kulipuuza. Siku unapompa nafasi ya kupumua, akaleta kete moja ya ziada kwenye ulinzi, wewe ni mtu asiye na malkia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Swali la nne: mwisho ni nini? Huu ndio msumari aliougonga nahodha. Usikubali jibu la "nitamfunga tu mbele ya safari". Jibu liwe mraba na kete: farasi g6 chekimeti, au ngome yangu ya a1 inapiga mstari wa kwanza. Kama mwisho wenyewe hauonekani, angalau uone umerudishiwa malkia au thamani yake.

Mtu atauliza: je, wakubwa wote walihesabu mpaka mwisho? Sitamsemea kila mtu. Ila tazama mchezo wa Paul Morphy, kijana wa Kimarekani, aliochezea Paris mwaka 1858 ndani ya jumba la opera, dhidi ya waungwana wawili walioshauriana dhidi yake: Karl wa Brunswick na Count Isouard. Mfalme wao hakuwahi hata kufanya kaslingi. Hatua ya 16 Morphy akamtoa malkia b8, cheki. Farasi akalazimika kumla. Hatua ya 17 ngome ikashuka d8, chekimeti. Alipomaliza alikuwa amebakiza ngome na askofu tu kwenye shambulio, wao wana malkia, ngome, askofu na farasi. Lakini ngome yao ya h8 na askofu wao wa f8 walikuwa hawajasogea tangu mchezo uanze. Kwenye karatasi wao ni matajiri. Pale penye vita, hawakuwepo. Morphy alijibu swali la kwanza mapema sana: kabla ya kafara, kila kete yake ilikuwa imeshatoka kwenda kazini.

Sisi wanachuo tunalijua jambo hili kwa lugha nyingine. Boom linapoingia, aliye na hela nyingi wiki ya kwanza siye mwenye nafuu wiki ya kumi. Cha kuuliza ni hela hiyo iko wapi na inafanya nini.

NENO KWA ANAYESHAMBULIWA

Nisiwapendelee washambuliaji peke yao. Kijana wa miwani alinifundisha nusu ya somo hili. Nilipomfuata wiki kadhaa baadaye na kumwomba anieleze alichokuwa anawaza, aliniambia hakuogopa malkia wangu hata kidogo. Alikuwa anamtafuta rafiki yake. "Malkia peke yake hafungi mtu," alisema. "Nilimtafuta farasi wa pili, nikamkuta d2, nikatulia."

Basi ukishambuliwa, fanya hivyo. Usihangaike na kete kubwa inayokutisha. Tafuta ile ndogo inayoishikilia. Kwenye mchezo wa Thomas, askofu wake wa f6 alikuwa anamtazama farasi wa e5 ana kwa ana na alikuwa na uwezo wa kumla. Alimwacha. Mkiwa na mpinzani mkali, mara nyingi kubadilishana kete moja tu ya kati kunazima moto wote.

ZOEZI

Nimeahidi hili ni somo, kwa hiyo kuna kazi ya kufanya. Panga ubao hivi. Mweupe: mfalme h1, malkia c4, farasi f7, askari g2 na h2. Mweusi: mfalme g8, malkia b2, ngome d8, askari a7, g7 na h7. Zamu ya Mweupe.

Utamani ni kula ngome ya d8. Usiile. Tumia maswali manne, usogeze macho kabla ya mkono, kisha endelea kusoma.

Jibu: farasi anakwenda h6, na kwa kuondoka f7 anaifungua njia ya malkia mpaka g8. Cheki mbili kwa mpigo. Mfalme akienda f8, malkia anashuka f7 akilindwa na farasi, chekimeti. Kwa hiyo anakwenda h8. Sasa malkia anakwenda g8, cheki, ubavuni kabisa mwa mfalme. Mfalme hawezi kumla kwa sababu farasi wa h6 analinda. Ngome inalazimika kumla, na kwa kumla inakaa g8, mraba wa mwisho aliokuwa nao mfalme wa kupumulia. Farasi anarudi f7: chekimeti. Mfalme amezibwa na watu wake mwenyewe.

Ujanja huu ni wa zamani kuliko tunavyofikiri. Umo kwenye kitabu cha Lucena kilichochapwa karibu mwaka 1497 huko Salamanca, mji wa chuo kikuu nchini Uhispania. Nami napenda kuamini kwamba kuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale aliyeusoma, akaenda kuujaribu bila kuwa na farasi karibu, na akarudi chumbani kichwa chini.

Pima jibu kwa maswali yetu. Wangapi? Wawili tu, lakini watetezi wa mfalme walikuwa ni ngome moja na malkia aliye mbali b2. Akikataa kula? Hawezi. Hatua inayofuata inamlazimisha? Kila hatua ni cheki. Mwisho ni nini? Farasi f7. Na safari hii anayemaliza kazi ni farasi.

NILIPOFIKA

Muhula huu nilicheza tena na chuo kilekile, ubao uleule wa mwisho, ingawa safari hii mpinzani alikuwa mwingine. Katikati ya mchezo picha ikajipanga: malkia h5, askofu d3, askari wa h7 ananitazama. Watu wakaanza kusogea. Nikasikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Anamtoa, anamtoa."

Nikajiuliza maswali yangu. La kwanza nikafaulu. La pili nikakwama: f7 ilikuwa wazi. Nikamchukua farasi, nikampeleka e5, nikabonyeza saa. Nyuma yangu watu wakahema kama waliokatiwa umeme, wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Mpinzani akaiona hatari, akabadilishana farasi, shambulio likaisha. Tukaenda mpaka hatua ya 50 na kitu, mimi nina askari mmoja zaidi, nikamsukuma taratibu mpaka mstari wa nane. Hakuna aliyerekodi. Nilimtumia dada nahodha, ambaye sasa yuko kazini mkoani, ujumbe mfupi: "Dada, tumepita. Malkia alikuwepo mpaka mwisho." Akanijibu kwa neno moja, "Hongera," na baada ya dakika tano akaongeza: "Na farasi alikuwa wapi?"

Nikamwandikia: e5.

Klabu yetu hukutana Jumatano jioni kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba. Mbao zipo, saa zipo mbili, moja ina kichaa kidogo. Njoo na mchezo wako mmoja uliofungwa, ule unaokuuma. Hiyo ndiyo ada ya kujiunga.